"Huenda" iliyodondoka njiani: kisa cha Brufen, Machi 2020

Jumatatu tarehe 16 Machi 2020, siku Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, mama yangu mdogo aliyeko Ngamiani, Tanga, alimwaga Brufen zake zote chooni. Hakuwa na homa, na hakuna daktari aliyemwambia afanye hivyo. Nilimpigia jioni kumjulia hali.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umesikia? Brufen inaua."

"Kasema nani?"

"Waziri."

"Ummy kasema hivyo?"

"La, wa Ufaransa."

Nilicheka, ingawa haikuwa ya kuchekwa. Mimi ni mfamasia, nipo nyuma ya kaunta ya duka la dawa Dar es Salaam, na tangu asubuhi wateja walikuwa wananiuliza swali lilelile. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia atumie Panadol kwanza, mimi nisome.

Nimweleze mama mdogo, maana bila yeye kisa hakina uzito. Ana miaka 63. Gegedu la magoti yote mawili limelika, na tangu 2016 anaswali ameketi kwenye kiti. Ibuprofeni, ndiyo hiyo Brufen, ya miligramu 400 anameza mara mbili kwa siku, siku mbaya mara tatu. Ana presha, na kwa hiyo anatumia losartani pamoja na haidroklorothiazaidi, ile dawa ya kukojoza. Sukari hana. Vidonda vya tumbo hajawahi kuambiwa kwamba anavyo. Orodha hii nilikuwa naijua kwa moyo, na siku ile sikuitazama hata kidogo. Nitairudia.

Waziri alisema nini hasa

Olivier Véran alikuwa na takriban mwezi mmoja tu katika kiti cha Waziri wa Afya wa Ufaransa. Kitaaluma ni daktari wa mishipa ya fahamu, kwa hiyo hakuwa mwanasiasa anayebahatisha mambo ya dawa. Jumamosi tarehe 14 Machi, siku ileile ambayo serikali yao ilitangaza kufunga migahawa na mabaa kuanzia saa sita usiku, aliandika Twitter mambo matatu. Kwanza, kwamba kutumia dawa za kutuliza uvimbe, akazitaja ibuprofeni na kortisoni, huenda kukazidisha maambukizi. Pili, ukiwa na homa, meza parasetamoli, ndiyo Panadol. Tatu, kama tayari unatumia dawa hizo, au una shaka, muulize daktari wako.

Hilo la tatu lilimhusu mama mdogo moja kwa moja, na ndilo ambalo halikumfikia. Ujumbe uliofika kwenye kundi la familia yetu ulikuwa na mistari miwili: Ufaransa wamepiga marufuku Brufen, na vijana wanne wazima wa afya wako mahututi kwa sababu ya kuimeza. "Huenda" ilidondoka mahali fulani kati ya Paris na Tanga. "Muulize daktari" nayo ikadondoka. Wale vijana wanne wakapandia njiani.

Nao wana asili yao. Wikiendi ile zilisambaa Ulaya jumbe za WhatsApp zilizodai kuna vijana wanne mahututi katika mji wa Cork, Ireland, wote walikuwa wamemeza dawa za kutuliza uvimbe. Nyingine zilidai kwamba maabara ya chuo kikuu cha tiba cha Vienna imethibitisha jambo hilo. Chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Ireland kilikanusha, na chuo cha Vienna kikakanusha. Kanusho halina miguu kama uvumi. Kwenye kundi letu halikufika mpaka leo.

Msingi wa hofu

Ningependa kusema waziri alikurupuka. Lakini baada ya kusoma siku tatu, niliona kwamba hofu ile ilikuwa na mizizi mitatu, na haikuwa na nguvu sawa.

Mzizi wa kwanza ulikuwa mwembamba kuliko yote, ndiyo maana ulinukuliwa sana. Tarehe 11 Machi jarida la The Lancet Respiratory Medicine lilichapisha barua fupi ya watafiti watatu. Walikuwa wanajiuliza kwa nini wenye presha na kisukari wanaumia zaidi na korona. Wakasema kirusi huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, na kwamba baadhi ya dawa zinaweza kuongeza vipokezi hivyo. Ibuprofeni ilitajwa humo kwa kupita tu. Hawakupima mtu yeyote. Barua ilikuwa wazo linalosubiri kupimwa. Na ukifuatilia wazo hilo kuhusu ibuprofeni linakotoka, unaishia kwenye mioyo ya panya waliotiwa kisukari maabara.

Wa pili ulikuwa mnene zaidi, na Wafaransa walikuwa wanaujua kabla ya korona kuwapo. Aprili 2019 mamlaka yao ya dawa ilieleza kwamba tangu mwaka 2000 imepokea taarifa 337 za maambukizi yaliyokuwa makali kwa watu waliotumia ibuprofeni, na 49 kwa waliotumia ketoprofeni, dawa ya kundi lilelile. Mengi yalikuwa ya bakteria, ya ngozi na ya mapafu, na baadhi yalitokea kwa watoto wenye tetekuwanga. Shirika la Dawa la Ulaya lilikuwa limeanza kulichunguza jambo hilo tangu Mei 2019. Kwa hiyo daktari wa Kifaransa aliyesikia "homa isiyojulikana" Machi 2020 alikuwa tayari na mazoea ya kuiepuka ibuprofeni. Naamini Véran aliandika kutokana na mazoea hayo, wala si kutokana na ile barua.

Lakini taarifa za namna hii zina mtego ambao hata sisi wa dukani tunaufahamu. Nani anakuja kununua Brufen badala ya Panadol? Ni yule ambaye Panadol imemshinda. Homa yake ni kali zaidi, maumivu yake ni makubwa zaidi, huenda mapafu yameshaanza kujaa. Akizidiwa kesho yake, daftari litaonyesha alimeza Brufen. Ukihesabu kwenye mlango wa hospitali yoyote kubwa, utakuta wanaoletwa kwa ambulansi wanakufa zaidi ya wanaoshuka kwenye daladala, na hakuna atakayesema ambulansi ndiyo inayoua. Bado kuna sababu nyingine isiyo mtego: dawa hizi hushusha homa na kutuliza maumivu vizuri kiasi kwamba mtu anajiona kapata nafuu, anachelewa kwenda hospitali, na bakteria wanajijenga kimyakimya. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kuyatenganisha kunahitaji hesabu kubwa ya watu, na tarehe 14 Machi hesabu hiyo haikuwapo popote duniani.

Mzizi wa tatu ni figo, tumbo na moyo. Huu haukuwa na upya wowote wala haukuhitaji kirusi. Ndio uliosahaulika.

Siku tano za kupinduana

Jumanne tarehe 17, msemaji wa Shirika la Afya Duniani aliwaambia waandishi mjini Geneva kwamba kwa sasa ni bora watu watumie parasetamoli badala ya kujinunulia ibuprofeni. Jumatano tarehe 18, shirika hilohilo likaandika kwamba kwa taarifa zilizopo halishauri watu waache ibuprofeni. Siku hiyohiyo Shirika la Dawa la Ulaya likasema hakuna ushahidi wa kisayansi unaounganisha ibuprofeni na kuzidi kwa korona. Alhamisi mamlaka ya dawa ya Marekani ikasema vivyo hivyo. Uingereza walishauri parasetamoli wakati wanachunguza, wakaja kusema tarehe 14 Aprili kwamba dawa yoyote kati ya hizo mbili inafaa.

Wengi waliona aibu katika kupinduana huko. Mimi sioni. Walichokuwa wanasema wote, ukikisoma polepole, kinakaribiana: hatuna ushahidi wa madhara, na hatuna ushahidi wa usalama. Tofauti ni nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Kwa mtu mwenye homa ya siku mbili, mwenye dawa mbili mezani zenye kazi karibu ileile, kuchagua ile isiyo na shaka hakumgharimu chochote. Kwake, ushauri wa Véran ulikuwa wa busara, na hata leo ningeutoa.

Tena ningeutoa Dar es Salaam kuliko Paris. Mwaka 2019 mji huu ulipigwa na dengue, maelfu ya watu waliugua. Kwenye dengue chembe sahani za damu hushuka, mtu anaweza kuvuja damu, na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote huzuia chembe hizo kufanya kazi na kukwangua tumbo juu yake. Hapo sababu inajulikana, na katazo ni katazo. Mtu anapoingia dukani Machi 2020 na homa, mimi sijui kama ni malaria, dengue, korona au mafua. Parasetamoli, kisha kapime. Sikuhitaji waziri wa Ufaransa kuniambia hivyo.

Ila mama mdogo hakuwa na homa. Alikuwa na magoti.

Upande wa pili wa mizani

Ushauri wa kuchagua kati ya dawa mbili ulimfikia kama amri ya kuacha dawa, na hakuna aliyempimia gharama ya kuacha. Wiki ya kwanza alisema anavumilia. Wiki ya pili aliacha kwenda sokoni, jambo ambalo watu walilisifu wakidhani anajikinga. Wiki ya tatu binti yake alinipigia: mama halali, anageuka kitandani usiku kucha, na presha ambayo ilikuwa imetulia imepanda. Maumivu hupandisha presha, kukosa usingizi pia.

Nikamwuliza binti, anameza nini sasa? Panadol mbili, mara nne kwa siku. Hizo ni gramu 4, ukomo wa mtu mzima kwa siku. Na alikuwa na mafua kidogo, akanunua vidonge vya mafua, ambavyo ndani yake mna parasetamoli ileile. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumemkimbiza kutoka hatari ya kubahatisha tukamweka kwenye hatari ya ini, ambayo haina ubishi. Na magoti hayakupoa, kwa sababu parasetamoli kwa goti lililolika ni dawa dhaifu.

Hakuwa peke yake. Huko Ufaransa, kuanzia tarehe 18 Machi, parasetamoli ilianza kuuzwa kwa kipimo: pakiti moja kwa asiye na dalili, mbili kwa mwenye dalili, kwa kuwa watu walikuwa wanaikusanya. Hapa kwetu nilimfikiria mgonjwa wa selimundu, ambaye siku maumivu ya mifupa yanapomkamata, dawa hizi ndizo ngazi yake kabla ya morfini. Akiambiwa "Brufen inaua", atapanda ngazi gani?

Orodha niliyoisahau

Sasa ile orodha. Ilikuwa Aprili, nimekaa na karatasi nikipanga nimwambie nini, ndipo nikaandika dawa zake tatu kwa mstari mmoja: losartani, haidroklorothiazaidi, ibuprofeni. Nikaona haya.

Figo huchuja damu kwa msukumo. Kuna mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio na mwingine unaoitoa. Prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, ndizo zinazouweka wazi ule wa kuingiza, hasa mwili unapopungukiwa maji, na ibuprofeni kazi yake ni kuzuia prostaglandini. Losartani hulegeza ule wa kutoa, kwa hiyo msukumo unashuka. Dawa ya kukojoza hupunguza maji yenyewe. Ukiwa mzima, unakula na kunywa, figo zinajitahidi. Sasa mletee mtu huyu homa ya siku tano, hataki kula, anaharisha. Korona hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Figo zinaweza kusimama, na hilo linaweza kutokea hata kwa kuharisha kwa kawaida kabisa.

Hatari hii ilikuwa juu yake kwa miaka minne. Nilikuwa nikimtumia vidonge hivyo mimi mwenyewe kwa basi. Ujumbe wa uongo ulimfanya aache dawa ambayo kweli haikumfaa kwa namna alivyokuwa akiimeza, lakini kwa sababu isiyokuwa ya kweli, na bila kitu cha kuziba pengo. Kama asingemwaga zile Brufen, nisingeandika ule mstari.

Tuliamua hivi, pamoja na daktari wake wa presha. Apime kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Majibu yalikuwa ya wastani, si mabaya. Jeli ya diklofenaki ya kupaka magotini, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu. Parasetamoli kwa saa, isizidi gramu 3, na vidonge vya mafua marufuku. Ibuprofeni ibaki ya siku mbaya tu, baada ya chakula, siku tatu kisha aache. Na siku yoyote atakayopata homa, kutapika au kuharisha, ibuprofeni isiguswe kabisa, na kuhusu zile mbili za presha ampigie daktari siku hiyohiyo. Mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa kitini alikubali kwa shingo upande. Presha ilirudi chini mwezi wa Mei.

Hesabu zilipokuja

Tarehe 19 Aprili Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti 73 kuhusu dawa za kundi la ibuprofeni katika maambukizi ya virusi ya njia ya hewa. Hawakukuta ushahidi kwamba zinaleta madhara makubwa, ila hakuna hata moja kati ya hizo iliyohusu korona yenyewe. Bado tulikuwa tunaazima jibu kwa jirani.

Septemba wakaja Wadenmark. Katika watu 9,236 waliothibitika kuwa na korona, 248 walikuwa wamechukua dawa hizi kwa cheti ndani ya siku 30 kabla. Wakalinganishwa na wenzao wanaofanana nao: waliokufa ni asilimia 6.3 upande mmoja, 6.1 upande wa pili. Kasoro yake ni kwamba watu 248 ni wachache, na anayenunua ibuprofeni bila cheti haonekani kwenye daftari hilo. Mei 2021 Waingereza walitoa hesabu ya zaidi ya wagonjwa 72,000 waliolazwa. 4,211 walikuwa wametumia dawa hizi kabla ya kulazwa, na vifo havikutofautiana. Huo nao una tundu: unahesabu waliokwisha kufika hospitali, haukuambii nini kiliwafikisha.

Uliomjibu mama mdogo hasa ni utafiti mwingine wa Uingereza, uliopekua mafaili ya madaktari wa kawaida. Miongoni mwa watu zaidi ya 1,700,000 wenye baridi yabisi au viungo vilivyolika kama vyake, waliokuwa wakitumia dawa hizi hawakufa kwa korona zaidi ya wasiotumia. Hakuna hata mmoja katika tafiti hizi uliowapa watu dawa kwa kura, yaani kura iamue nani apewe na nani asipewe, kwa hiyo mlango haujafungwa kwa kufuli. Lakini umefungwa kiasi cha kunitosha mimi kulala.

Kuhusu kortisoni, dawa ya pili aliyoitaja waziri, mambo yalipinduka kabisa. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, ndugu wa kortisoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia, na takwimu zilielekea upande wa kudhuru. Dawa yenyewe ni ya bei ya karanga. Kwetu inajulikana zaidi kwa wale wanaoimeza wanenepe.

Siku mbili baadaye simu yangu ililia. Ujumbe kutoka kundi la familia, umetumwa na mama mdogo: Uingereza wamepata dawa ya korona, inaitwa deksa, kimbilia dukani kabla haijaisha. Neno oksijeni halimo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeona niliyotuma?"

"Nimeona. Hiyo ni ya mgonjwa aliyelazwa, kawekewa oksijeni. Wewe umewekewa?"

"Mimi nipo jikoni nakuna nazi."

"Basi si yako."

Akanyamaza kidogo. "Mbona nimeshanunua pakiti mbili."

"Usizimwage chooni," nikamwambia. "Nitakuja kuzichukua Iddi."